Sheria Isiyofuatwa na Walioitunga

Miongoni mwa sheria ambazo mwanafunzi wa Kiingereza huzipokea mapema na kuzihifadhi umri wake wote, bila ya kuuliza zilitoka wapi wala zilikusudiwa nini, iko moja imwamuruyo aandike kwa kauli ya kutenda na ajitenge na kauli ya kutendwa. Mwalimu huipigia mstari mwekundu sentensi ya kutendwa kila aionapo. Programu za kompyuta za kusahihisha maandishi nazo huipigia mstari wa rangi nyingine. Na mhariri wa gazeti, ambaye aghalabu hana wasaa wa kueleza, huigeuza na kuendelea na kazi yake. Kwa sababu hiyo wako watu wengi, tena wasomi, ambao huandika Kiingereza kwa woga wa kosa ambalo si kosa, wakizipinda sentensi zilizokwisha kunyooka ili kuitii sheria ambayo, kama itakavyobainika, walioitunga hawakuitii wenyewe.

Sikusudii katika sura hii kuipendelea kauli moja na kuidhulumu nyingine, maana kauli hizo hazikuumbwa kuwa mahasimu. Ninachotaka kukithibitisha ni kwamba mwandishi anapochagua kati ya kutenda na kutendwa huwa anachagua nani atangulie katika sentensi, nani afuate, na nani asitajwe kabisa. Na kwamba uamuzi huo, kwa haki, hutolewa na sentensi iliyopita pamoja na haja ya msomaji, wala hautolewi na amri iliyobandikwa ukutani mwa darasa.

Tuanze na wenye sheria. Mwaka 1918 William Strunk, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alijichapishia kijitabu kwa ajili ya wanafunzi wake, akakiita The Elements of Style. Na mwaka 1959, Strunk akiwa amekwisha kufariki, mwanafunzi wake wa zamani E. B. White, ambaye wakati huo alikuwa na jina kubwa katika jarida la The New Yorker, alikitengeneza upya na kukiongeza, kikaenea Marekani yote na nje yake. Humo ndimo imo amri ya kutumia kauli ya kutenda, na amri hiyo ikasafiri mbali. Lakini maelezo yaliyoandikwa chini yake hayakubahatika kusafiri pamoja nayo. Maana Strunk, mara tu baada ya kuamuru, alitahadharisha kwamba amri yake haina maana ya kuitupa kauli ya kutendwa, ambayo mara nyingi hufaa na mara nyingine ni ya lazima. Akatoa mfano wa watunga tamthilia wa Uingereza wa zama za kurudi kwa ufalme katika karne ya kumi na saba: ikiwa aya yawazungumzia watunzi hao, ni sawa kuandika kwamba wao hawathaminiwi sana siku hizi, na ikiwa aya yazungumzia ladha ya wasomaji wa leo, ni sawa kuandika kwamba wasomaji wa leo hawawathamini sana watunzi hao. Katika mistari hiyo michache imo karibu elimu yote ya jambo hili, nayo ndiyo mistari ambayo wanaoipigia mbiu amri ya Strunk hawaitaji kamwe.

Amri hiyo ilikuwa na dosari nyingine tena. Mwaka 2009, kitabu kilipotimiza miaka hamsini tangu White kukitengeneza, mwanaisimu Geoffrey Pullum wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliipima ile mifano iliyowekwa humo ili kumwonyesha msomaji ubaya wa kutendwa na dawa yake, akaona kwamba katika jozi nne za sentensi, jozi tatu zimelaumiwa kwa maradhi ambayo hazina. Mojawapo ilikuwa sentensi ya kueleza kuwapo kwa kitu tu, isiyo na kutendwa hata chembe. Hapo msomaji atafahamu kwa nini watu wengi, hata walio na shahada, huita kutendwa kila sentensi iliyo baridi au yenye kitenzi cha kuwa. Walifundishwa kuichukia kauli kabla ya kufundishwa kuitambua.

Mwenye sheria wa pili, na maarufu kuliko wa kwanza, ni George Orwell, ambaye katika makala yake ya mwaka 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza aliweka kanuni sita, mojawapo ikikataza kauli ya kutendwa popote inapowezekana kutumia ya kutenda. Ninamheshimu sana Orwell, na makala yale ninaona yafaa kusomwa na kila mtu anayeandika kwa ajili ya umma katika lugha yoyote. Lakini hakuimaliza hata sentensi yake ya kwanza kabla ya kutumia kutendwa. Kamusi ya matumizi ya Kiingereza ya Merriam-Webster ilieleza kwamba zaidi kidogo ya asilimia 20 ya sentensi zake humo ni za kutendwa, ilhali katika hesabu zilizokwisha kufanywa juu ya magazeti na majarida mbalimbali, kiwango cha juu kabisa kilikuwa asilimia 13. Wengine humcheka kwa hilo na kumwita mnafiki. Mimi sioni unafiki. Naona mwandishi hodari ambaye sikio lake lilikuwa na hekima kuliko kanuni yake, na alipofika mahali ambapo sentensi ilitaka kutendwa, alilitii sikio.

Kwa umbo, jambo lenyewe halina uzito. "Fatuma wrote the letter" ni kutenda. "The letter was written by Fatuma" ni kutendwa. Aliyekuwa kiima amepelekwa mwisho akapewa "by", au ameachwa kabisa, na barua imekaa mahali pake. Kiswahili hulifanya hilo ndani ya kitenzi kwa sauti ndogo ya "w", ambapo Kiingereza hulazimika kuongeza maneno, na hapo ndipo palipotoka shutuma ya kwamba kutendwa ni maneno mengi. Haya yatosha, vitabu vya sarufi vimeyaeleza kwa kirefu.

Lakini kazi ya kauli hiyo haionekani katika sentensi moja iliyotengwa peke yake. Mtoto akiingia ndani akilia, mama wa Kiswahili aghalabu humwuliza, "Umepigwa na nani?" Mama wa Kiingereza huuliza, "Who hit you?" Wote wawili wanataka jina moja, ila wa kwetu ameanza na yule aliye mbele ya macho yake, mwenye machozi, ndipo akaenda kwa yule asiyeonekana. Hakuna aliyemfundisha, ndiyo njia ya kawaida ya mawazo, kutoka kwenye kinachojulikana kwenda kwenye kisichojulikana, na kutendwa ni mlango uliowekwa hapo kwa makusudi hayo. Mtaalamu Katherine Demuth, aliyewachunguza watoto wa Lesotho wanaojifunza Kisotho, lugha ya Kibantu iliyo na nasaba moja na Kiswahili, aliandika mwaka 1989 kwamba watoto hao huitumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka mitatu, ilhali wanavyuoni, kwa kuwatazama watoto wa Kiingereza, walikuwa wakidhani kauli hiyo ni nzito mno mpaka akili ya mtoto ikomae zaidi. Kwa hiyo mwandishi wa kwetu huja kwenye Kiingereza na rasilimali aliyozaliwa nayo, na jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba aiache mlangoni.

Tuchukue mfano kutoka Unguja. Mtu anaandika kwa Kiingereza habari za Beit-el-Ajaib, na sentensi yake ya kwanza ni hii: "The House of Wonders faces the sea at Forodhani." Macho ya msomaji sasa yako juu ya jumba. Sentensi ya pili yaweza kuwa "It was built in 1883 by Sultan Barghash", na jumba likabaki mahali pake, habari mpya ikaja mwisho pale msomaji anapoingojea. Au yaweza kuwa "Sultan Barghash built it in 1883", na ghafla Sultani ameingia kwa kishindo katika nafasi ya mbele, msomaji akadhani kwamba kuanzia hapo atasimuliwa habari za Barghash. Ikiwa sentensi ya tatu ni juu ya safari ya Sultani huyo Uingereza mwaka 1875, basi hiyo ya kutenda ndiyo sahihi, maana imefungua njia. Ikiwa sentensi ya tatu inarudi kwenye nguzo na veranda za jumba, msomaji amesukumwa huku na huku bila ya faida. Zote mbili ni sentensi fasaha, na ukiziweka peke yake juu ya karatasi hutapata hujja ya kuipendelea mojawapo.

Wanaosema kwamba kutendwa humficha mwandishi nyuma ya pazia nawasihi wafungue kitabu cha Charles Darwin juu ya asili ya viumbe, cha mwaka 1859. Sentensi yake ya kwanza ni ya kutendwa, na kiima chake ni "I", yaani Darwin mwenyewe, ambaye anasimulia jinsi alivyoguswa na mambo aliyoyaona Amerika ya Kusini alipokuwa ndani ya merikebu. Kujificha kuko wapi? Amesimama mlangoni mwa kitabu chake, amejitaja, na kwa kujifanya mtendwa badala ya mtenda ametuambia jambo zito, kwamba hakwenda kule na nadharia mkononi akitafuta ushahidi, bali mambo yenyewe ndiyo yaliyomjia. Igeuze sentensi hiyo iwe ya kutenda, useme kwamba mambo fulani yalimgusa Darwin, na hapo hapo mtu ametoweka na kitabu kimeanza na kitu kisicho na uso.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, si wa kitabu bali ni wa hotuba. Tarehe 20 Agosti 1940, marubani wa Uingereza wakipigana na ndege za Ujerumani juu ya anga la nchi yao, Winston Churchill aliwasifu mbele ya Bunge kwa sentensi moja ambayo Waingereza wanaijua kwa moyo hata leo, na sentensi hiyo ni ya kutendwa. Alisema, kwa maana yake, kwamba katika vita vya wanadamu haijapata kudaiwa deni kubwa namna hiyo kutoka kwa watu wengi hivyo na watu wachache hivyo. Kwa Kiingereza chake yako mafungu matatu yenye mizani moja: "so much", "so many", "so few". Kutendwa kulimwezesha kuliweka deni mbele, kisha wadeni, kisha wadai, hata "wengi" na "wachache" wakakutana ana kwa ana mwishoni, na neno la mwisho kutoka kinywani mwake likawa ni "few". Lau angetii ile kanuni ya kutenda ingembidi aanze na wengi, kisha deni, kisha wachache; deni lingekaa katikati kama ukuta kati ya makundi mawili ambayo nguvu yote ya usemi ule ni kuyakabilisha. Nimeona watu wakijaribu kuiboresha sentensi hiyo kwa kuigeuza, na kila jaribio lilizidi kuwa zuri kama zoezi na kupungua kama kauli.

Baada ya kuyasema hayo, sitaki msomaji adhani kwamba nimeusahau upande wa pili, upande wa wale wanaoitumia kauli hii kufanya hila, maana hao ndio walioichafulia jina. Tarehe 27 Januari 1987, Rais Ronald Reagan alilihutubia Bunge la Marekani wakati serikali yake ilipokuwa imefedheheka kwa kuiuzia Iran silaha kwa siri, na fedha zake nyingine zikapelekwa kwa waasi wa Nicaragua. Ukisoma maneno yake utaona jambo la kustaajabisha: alisema kwamba sisi hatukuyapata tuliyoyataka, kwa kutenda, halafu akasema "serious mistakes were made", yaani yalifanywa makosa makubwa, kwa kutendwa na bila ya mtenda, halafu akaendelea kwamba sisi tutalifikia shina la jambo hili na mimi nitachukua hatua zipasazo, kwa kutenda tena. Mtu yuko katika kila sentensi isipokuwa mahali pale penye makosa. Alitoka kwa hatua moja, makosa yakafanyika, akarudi ndani akiwa mtendaji mwenye azma. Hila hiyo si ya sarufi; ni ya mtu aliyejua ni wakati gani atoke.

Na ushahidi kwamba kosa halimo katika kauli yenyewe ni huu, kwamba miaka mia moja na kumi kabla ya hapo, tarehe 5 Desemba 1876, Rais Ulysses Grant, akiuaga utawala ulioandamwa na kashfa, aliliandikia Bunge hilo hilo usemi karibu ule ule, "mistakes have been made", kwa kutendwa. Lakini akaongeza papo hapo kwamba kila mtu anayaona makosa hayo na kwamba yeye anakiri. Ni kweli kwamba baadaye kidogo alianza kuwatupia lawama wasaidizi walioteuliwa, kwani mwanadamu ni mwanadamu, hata hivyo neno la kukiri lilikuwa limekwisha kuandikwa. Kauli moja, nchi moja, cheo kimoja. Mmoja akaitumia kutokea nje, na mwingine akaikamilisha kwa nafsi yake.

Fauka ya hayo, mwenye nia ya kuficha hahitaji kutendwa, maana Kiingereza kimempa milango mingine mingi. "The gun went off" ni sentensi ya kutenda, na bunduki imelia bila ya mtu kuishika. "Part of the building collapsed" ni ya kutenda pia, nayo haitaji mhandisi, fundi wala mwenye dhamana. "The implementation of the policy led to the displacement of families" ni ya kutenda kwa umbo lake lote, na watu wamehamishwa makwao na jina la kitendo, kana kwamba utekelezaji una mikono. Programu ya kompyuta haitazipigia mstari sentensi hizo. Mhariri aliyeshughulika kuwinda "was" na "were" atazipitia akitabasamu.

Mahali ambapo mwananchi wa kawaida huonja uchungu wa kauli hii ni katika barua za ofisini. Ernest Gowers, ofisa mkubwa wa serikali ya Uingereza, aliombwa na Hazina awaandikie watumishi wenzake mwongozo, akautoa mwaka 1948 kwa jina la Plain Words. Na Marekani mwaka 2010 ilipitisha sheria ya kuzitaka idara za serikali kuu ziandike kwa lugha nyepesi. Huku kwetu Kiingereza cha ofisi tulikirithi pamoja na makabati, na tumekitunza vizuri kuliko makabati. Chukua barua kama hii, niliyoitunga kwa vipande ambavyo mtu yeyote aliyepata kupokea barua ya kiserikali atavitambua: "It has been observed that rent for the said premises has not been paid. You are hereby required to ensure that all arrears are settled within fourteen days, failing which appropriate action will be taken."

Kutendwa kumo mara tano katika sentensi mbili, lakini kuhesabu hakusaidii; yafaa kuuliza kila kimoja kinamnyima nini msomaji. Nani ameona kwamba kodi haikulipwa? Hilo halimhusu mpangaji, na kwa hakika maneno yote ya kuonwa yangefutwa bila ya mtu kuyalilia. Nani hakulipa? Ni yeye mpangaji, naye anajua. Barua imemstahi kwa kutomtaja, na ikiwa karani alitaka kuwa mpole, basi kutendwa huku kuna adabu ndani yake na sina ugomvi nako. Nani anamtaka alipe? Hapa pana upungufu, kwa sababu mtu hutaka kujua anajibizana na nani. Na mwisho, hatua gani itachukuliwa, na nani ataichukua? Hapa ndipo penye dhuluma, maana mpangaji ametishwa na hakuambiwa ametishwa na nani wala kwa kitu gani, hata hawezi kwenda popote kujitetea. Iandike barua hiyo upya: "You have not paid rent for the shop since March. Please pay within fourteen days. If you do not, the Council will close the shop." Ni fupi, ni kali zaidi, lakini ni ya haki zaidi, kwa kuwa sasa kuna Baraza la kuendewa na duka la kuokolewa. Kama barua nzima ingekuwa juu ya duka, hata "the shop will be closed by the Council" ingefaa, nayo ni ya kutendwa. La muhimu ni kwamba Baraza limebaki ndani.

Juu ya maandishi ya sayansi nitapita haraka. Isaac Newton, alipoieleza Royal Society ya London mwaka 1672 majaribio yake ya mwanga, aliandika "mimi" bila ya haya. Desturi ya kuandika "the solution was heated" ilikuja kutawala baadaye, na katika maelezo ya namna jaribio lilivyofanywa ni desturi yenye akili, kwa kuwa maji yakichemshwa na Juma au na Maria huchemka vile vile, na kumtaja Juma ni kumpa sifa asiyoistahiki. Pale mtaalamu anapotoa rai yake ndipo kutendwa kunapogeuka kuwa uoga, na siku hizi jarida la Nature lenyewe huwahimiza waandishi wake watumie kauli ya kutenda. James Watson na Francis Crick, walipotangaza humo umbo la DNA mwaka 1953, walianza kwa kusema "sisi".

Ladha za watu katika mambo haya hubadilika kwa namna inayochekesha. Waingereza wa zamani walisema "the house is building" kwa maana ya kwamba nyumba inajengwa; ilipozuka ibara mpya "the house is being built" mwishoni mwa karne ya kumi na nane, wenye kujiona walinzi wa lugha waliipiga vita kwa miaka mingi, na Mmarekani Richard Grant White, katika kitabu chake cha mwaka 1870, aliilaani kwa ukali mkubwa. Leo hakuna Mwingereza awezaye kuzungumza siku moja bila ya ibara hiyo, na ile aliyoitetea White itamfanya mtu aonekane hana akili timamu.

Sasa nije kwenye jambo liwahusulo wasomaji wa Kiswahili peke yao, ambalo vitabu vya ng'ambo haviligusi. Hatari yetu si wingi wa kutendwa bali ni kwamba kutendwa kwetu kuna uwezo ambao Kiingereza hakina, na tunapouvusha uwezo huo hauvuki salama. Sisi twasema "niliibiwa saa", mtu akawa mbele na saa ikafuata. Mwenzetu akaandika "I was stolen my watch", na Mwingereza akashangaa kwamba mtu ameibwa. Kiingereza kitakubali "my watch was stolen", au "I had my watch stolen", au "I was robbed" ikiwa hutaki kuitaja saa. Twasema "alifiwa na mama yake", na huko hakuna kutendwa kwa kufa; husemwa kwa kutenda kabisa, "she lost her mother". Twasema "Asha ameolewa na Ali", lakini ukiandika "Asha was married by Ali" utakuwa umemfanya Ali kuwa kadhi aliyeifungisha ndoa, na bwana harusi bado anatafutwa. Kiswahili hupambanua kikombe kilichovunjika na kikombe kilichovunjwa, ambapo "the cup was broken" hubeba yote mawili, na mwandishi mwangalifu hana budi aongeze neno ili ijulikane kama kuna wa kulaumiwa. Na kuna wale ambao kwa kuipenda "was" huipachika hata kwenye vitenzi visivyotendwa, wakaandika "the accident was happened". Hao sharti wakumbushwe kwamba ajali hutokea kwa Kiingereza kama itokeavyo kwa Kiswahili, bila ya msaada.

Makosa hayo hayaondoki kwa mazoezi ambayo shule zetu zimeyazoea, ya kumpa mwanafunzi sentensi kumi zisizohusiana na kumwambia azigeuze zote kuwa za kutendwa, mbwa aliyemuuma mvulana awe mvulana aliyeumwa na mbwa, kisha apewe alama kumi. Mwanafunzi hujifunza hapo kugeuza, wala hajifunzi kuchagua. Ningekuwa mtunga mitihani ningemwandikia sentensi moja, "The dhow left Muscat with the northeast monsoon, carrying dates and salt", nikamwambia achague sentensi ya pili kati ya "A storm drove it ashore near Lamu" na "It was driven ashore near Lamu by a storm", kisha aandike sentensi ya tatu ya kwake mwenyewe. Aliyechagua ya kwanza akaendelea na dhoruba, paa ilizoezua mjini na minazi iliyoiangusha, apewe alama zote. Aliyechagua ya pili akaendelea na jahazi, nahodha wake na tende zilizolowa, naye apewe zote. Alama zipunguzwe kwa yule aliyechagua dhoruba kisha akarudi kwenye tende bila ya kutuaga.